Fundi wa Springi na Gitaa la Nakuam

Ukimwuliza Nakuam gitaa lake lilikuwa na ugonjwa gani, atakuambia bila kuficha kwamba lilikosa pumzi. Unagusa uzi, sauti inatoka nzuri tu, halafu kabla hujaifurahia imeshakufa. Kwa nyimbo za kanisani jambo hilo halikumsumbua sana, kwa sababu kwaya yao pale Kiwanjani, mjini Isiolo, ina akina mama ishirini na wawili wenye mapafu yao, na wale wakishaanza kuimba nani anasikiliza gitaa? Miaka tisa alipiga hivyo, akijaza mapengo kwa kugusa uzi uleule mara tatu, mara nne, na watu wakamsifu kwamba ana mkono mwepesi. Mkono mwepesi gani! Mama wa watu alikuwa anakimbizana na noti zisimfie.

Kazi yake ilikuwa upishi katika shule ya bweni. Asubuhi uji, mchana githeri ya mahindi na maharagwe, na jioni sufuria za kusuguliwa, kubwa kiasi kwamba mtu huingia nusu mwili kuzisafisha. Gitaa alilipata kwa mpigaji mmoja wa kanisani aliyehamia Nanyuki akapata jingine bora. Lilikuwa la umeme, jekundu, la aina ya chini, na kwenye daraja linalobeba nyuzi lilichomekwa mkono mwembamba wa chuma. Ukiusukuma ule mkono, sauti inashuka. Ukiuachia, inarudi ilikokuwa. Wengi kanisani waliuona kama pambo, na mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuuliza kama ni wa kubebea. Nakuam alijua kazi yake, maana alikulia mahali ambapo sauti ya mtu hushuka hivyo na kurudi.

Mahali penyewe ni upande wa Kipsing. Huko baba yake, Mzee Emanikor, alikuwa na maksai mweupe aliyeitwa Lokwang'. Kwa Mturkana wa rika lake, mwanamume na maksai wake ni kitu kimoja. Humtungia wimbo, humwimbia wakienda malishoni, na akiucheza huinua mikono kuonyesha pembe zake zilivyokaa. Wimbo huo ni wa aliyeutunga. Huwezi kuuchukua tu kama unavyochukua kibiriti cha jirani. Lokwang' alikufa kwenye kiangazi kimoja kibaya, lakini wimbo ulibaki, na Nakuam, msichana wa kuchunga mbuzi, aliusikia karibu kila siku upepo ukiuleta kutoka ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu.

Sehemu aliyoipenda ilikuwa mwisho wa kila ubeti. Hapo sauti ya baba ilitoka ndefu, ikakaa, ikakaa tena, kisha ikashuka taratibu mpaka chini kabisa, na kupanda. Siku moja alimuuliza maana yake. Baba akamwambia hapo Lokwang' anainama kunywa maji, halafu anainua kichwa. Nakuam akaona ni jibu zuri kuliko yote aliyowahi kupewa, na mpaka leo anaona hivyo.

Sasa mwaka wa pili baada ya lami kufika Moyale, mzee akaugua koo. Gari la wagonjwa la kaunti lilimtoa Kipsing, jambo ambalo miaka ya nyuma lingekuwa ndoto, na madaktari wakamwondolea uvimbe uliokuwa unamkaba. Nakuam alimshukuru Mungu, akawashukuru madaktari, akamshukuru dereva, akamshukuru hata yule askari wa getini aliyemruhusu kuingia na uji. Baba yake alikuwa hai. Lakini uvimbe ulipotoka uliondoka na sauti. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono ambao ulibidi uinamishe sikio kuupata.

Akamchukua nyumbani kwake, vyumba viwili vya mabati, akae hapo mpaka amalize kliniki. Mzee alikula alichopewa na hakulalamika. Aliketi kwenye kigoda chake, uso umeelekea ukutani, tangu chai ya asubuhi mpaka mbuzi wa majirani warudi. Jioni moja Nakuam alimsogelea na bakuli la uji, na mzee akamnong'oneza kwa Kiturkana, "Nirudishe nyumbani."

"Daktari amesema mpaka Alhamisi ya wiki ile nyingine, Apa," Nakuam akamjibu, akimwita baba kwa lugha yao. "Akikuona mara ya mwisho, Jumamosi utapanda gari uende."

"Vizuri."

"Una haraka ya nini? Hapa unakosa nini?"

Mzee alipokea bakuli, akaliweka chini. "Mtu ambaye maksai wake haimbwi," akasema, "watu wanangoja tu kumzika. Afadhali wasingoje mbali."

Nakuam alitoka nje akalia nyuma ya nyumba, kimyakimya, huku akijifanya anaanika nguo. Alielewa. Kaka yake mmoja alifariki akiwa mdogo, na mwingine ni askari wa kampuni huko Mombasa ambaye alimjua Lokwang' kwa jina tu. Wimbo haukuwa na koo jingine. Kama mzee angerudi Kipsing na moyo ule, asingemaliza mvua moja, na Nakuam alilijua hilo kama alivyojua maharagwe yakiiva.

Kuimba mwenyewe hakuthubutu. Ule si wimbo wa binti, na tena sauti yake ni ya alto ya kanisani. Ila gitaa halina jinsia, akajiambia, na tangu hapo alianza kuutafuta wimbo wa baba yake kwenye nyuzi, saa za mchana kanisani pakiwa hakuna mtu. Ubeti ulikubali. Mwisho wa ubeti ukakataa katakata. Aligusa uzi, akangoja, na kabla hajaufikia mkono wa kushusha sauti, noti imeshazimika. Lokwang' alikuwa anakufa njiani kabla ya kufika kwenye maji.

Bahati yake, Jumapili hiyo kulikuwa na semina ya kwaya, na kutoka Meru alikuja Kinanu, mama mnene mcheshi ambaye hupiga gitaa la besi na kutengeneza vyombo vya makanisa. Nakuam alimpa gitaa lake alikague. Kinanu aliligeuza, akafungua kifuniko cha plastiki cha mgongoni, akamwonyesha lililomo ndani ya shimo. Daraja la mbele lina kibonge cha chuma kinachoning'inia ndani ya mbao. Nyuzi zote sita hupita katikati ya kibonge na kushikwa humo. Nyuzi zinalivuta daraja upande mmoja, springi tatu ndogo zinakivuta kibonge upande wa pili, na mkono ukisukumwa vyote vinainama pamoja.

"Shida ndio hii," Kinanu akasema, akikigonga kibonge kwa ukucha. Kikatoa mlio mkavu. "Ni nyembamba na ni nyepesi. Ni ile chuma ya kuyeyusha na kumimina, ya bei rahisi. Sauti ikifika hapa inamezwa."

"Sasa nifanye aje?"

"Watu hutoa hii, wanaweka ya chuma kamili ama shaba, nzito, imejaa. Mlio unanenepa, na sauti inakaa. Lakini inaagizwa ng'ambo, inakuja miezi miwili ama mitatu, na vipimo vikikataa unaanza upya." Kisha akacheka. "Ama utafute fundi wa chuma hapa Isiolo. Si mko nao wengi?"

Kinanu alisema hivyo kwa mzaha. Nakuam hakuwa na nafasi ya mzaha. Alikuwa na siku kumi na tatu.

Fundi aliyemjia akilini ni Mzee Shuriye, kwenye barabara ya Moyale. Babu yake alikuja na jeshi la Mwingereza, akapewa mahali pa kukaa, na tangu hapo ukoo wao ukashika malori. Shuriye mwenyewe hakuendesha. Yeye alikuwa fundi wa springi, zile za majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine chini ya lori. Enzi za barabara ya mawe, malori yalirudi kutoka Moyale yamevunjika kila kitu, yakapanga foleni mlangoni kwake, na alikula, akasomesha, akaenda Makka. Lami ilipofika, Isiolo nzima ilishangilia isipokuwa yeye. Naye alishangilia pia, lakini kwa adabu tu. Siku hizi alikuwa na saa nyingi za kunywa chai. Kufa kufaana, walisema wahenga, na Nakuam anakiri kwamba kama barabara ingekuwa bado ya mawe, Shuriye asingepata hata dakika ya kumsikiliza.

"Habari yako, Mzee Shuriye."

"Mzuri, Mama Apua. Umeleta gari gani?" Alimwita kwa jina la binti yake mkubwa, anayefundisha Oldonyiro, kwa sababu walijuana tangu enzi Nakuam akiuza chai kwa madereva.

Nakuam alilaza gitaa juu ya meza ya chuma. Mzee akaliangalia juu chini. "Hii haina tairi," akasema.

"Haina, lakini inasumbua."

"Mama, mimi mambo ya muziki sijui, na wallahi uzee huu sitaki kujua. Usinieleze muziki. Nieleze chuma."

Nakuam akafungua kifuniko cha mgongoni. Shuriye alivaa miwani, akainama, akaona zile springi tatu zimejinyoosha ndani ya shimo, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe iko na springi."

"Iko."

"Mbona hukusema?"

Kuanzia hapo gitaa halikuwa tena la Nakuam. Shuriye alikitoa kibonge cha zamani, akakipima kwa mkono, akakidharau waziwazi. Kisha akaenda nyuma ya banda kwenye rundo la majani ya springi za zamani, akachukua nyundo ndogo, akaanza kuyagonga moja baada ya jingine huku ameinamisha kichwa. Ndivyo alivyofanya miaka arobaini kujua jani lipi lina ufa, maana lenye ufa halilii. Aligonga kumi na kitu. Moja lilipolia, aliinua kidole wanyamaze wote, hata muuza kahawa aliyekuwa anapita mlangoni, na jani likaendelea kulia kidogo kidogo mpaka likaisha lenyewe. Huyo ndiye mtu ambaye hataki mambo ya muziki.

"Hii ilitembea Moyale miaka kumi na tano chini ya lori la baba yangu," akasema. "Haijawahi kuvunjika. Na unene ni sawasawa."

Chuma cha springi ni kigumu, hakitobolewi hivihivi. Alikikata kipande kwa grainda, akakichoma kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakizika kwenye pipa la majivu kipoe polepole na kulainika. Wiki nzima iliyofuata Nakuam alipita kila akitoka jikoni na kumkuta ameinama na tupa mkononi, anasugua, anapima na kile cha zamani, anasugua tena. Matundu ya nyuzi yalimvunjia biti mbili. Ilibidi kila tundu liwe jembamba upande wa juu na pana upande wa chini, ili kile kishanga cha mwisho wa uzi kikae ndani kisipite. Mkewe, Isnino, alimletea chakula akakisahau kikapoa, na akamwambia Nakuam kwamba tangu lami ije hajamwona mumewe akisahau chakula. Alisema hivyo akitabasamu, na Nakuam akaona aibu kidogo na furaha nyingi.

Alhamisi daktari alimwona Mzee Emanikor, akaridhika. Ijumaa baada ya sala Shuriye alimkabidhi Nakuam gitaa lake, kibonge kipya ndani, kinang'aa kama sarafu. Nyuzi zilikuwa bado hazijafungwa.

"Nimekuongezea springi mbili, za breki ya pikipiki," akasema kwa fahari. "Nafasi ni tano na ulikuwa na tatu. Nani alikuwa anakuibia? Na kila skrubu nimekaza. Hiyo haihami tena."

Nakuam alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alitembea mpaka nyumbani akiimba. Baba yake alikuwa ameenda kuwaaga wazee wenzake nyumba ya tatu, hivyo alifunga nyuzi haraka, akazikaza mpaka zikasemezana, akaunganisha spika yake ndogo ya betri, na akagusa uzi mmoja.

Sauti ilitoka nene, safi, ikakaa. Alingoja ife, haikufa. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta tena, na bado ilikuwa pale, imetulia. Miaka tisa, na kumbe ndani ya ule ubao mwekundu kulikuwa na sauti hii. Machozi yalimtoka akiwa anacheka.

Kisha akausukuma ule mkono, Lokwang' ainame anywe.

Haukusogea. Akaukandamiza kwa nguvu, gitaa zima likainuka pajani mwake, na sauti ikabaki palepale. Akapumzika, akajaribu kwa mikono miwili. Wapi. Vidole vinaweza kuuvuta uzi ukapanda juu, lakini kuushusha chini ya pale ulipo, hiyo ni kazi ya mkono ule peke yake. Akaligeuza gitaa, akafungua kifuniko, na akaelewa. Shuriye alifanya kile ambacho kila mwenye lori Isiolo humtaka afanye: aongeze springi, akaze, gari libebe mzigo lisilale. Tena ncha za springi alikuwa amezibana kwa koleo zisichomoke, kama desturi yake. Nakuam alijaribu kuzifungua kwa kijiko, akajikata kidole.

Utamlaumu vipi mtu aliyekuinamia na tupa wiki nzima? Shukrani ya punda ni mateke, na Nakuam hakutaka kuwa punda. Lakini gari la Kipsing lilikuwa linaondoka kesho saa sita mchana. Alikaa na gitaa mapajani, kidole mdomoni, na baba yake aliporudi, yeye akalificha chini ya kitanda na kumpakulia ugali.

Jumamosi asubuhi walitoka pamoja. Steji ya magari ya Kipsing haiko mbali na banda la Shuriye, kwa hiyo alimwambia baba yake kwamba wana mahali pa kupitia kwanza. Mzee aliketi nje ya banda kwenye kigoda chake, mfuko wake miguuni, macho barabarani, na Nakuam akaingia ndani na gitaa na ile spika.

"Mzee Shuriye, kazi yako ni nzuri sana. Tangu nizaliwe sijasikia chuma inalia hivyo. Lakini kuna kitu kimekataa, na ni mimi sikukueleza."

Akamwonyesha mkono usiosogea. Shuriye alitikisa kichwa. "Ndio inafaa isisogee."

"Nataka isogee. Nataka utoe zile springi mbili, na hizi zingine ulegeze."

Mzee alivua miwani. "Mama Apua, springi legevu imeua watu. Mimi mwenyewe nimezika wawili, mmoja ni mtoto wa ndugu yangu. Mimi silegezi springi."

Hakuwa anatania. Nakuam akasema polepole, "Pole, Mzee. Najua. Lakini hii haibebi mzigo. Kazi yake ni kuinama. Baba yangu alikuwa na dume yake nyeupe, na huu wimbo ni wake. Mwisho wa wimbo ile dume inafika kwa maji, inainamisha kichwa, inakunywa, halafu inainua. Sasa shingo imefungwa kabisa. Itakunywa aje?"

Shuriye aliliangalia gitaa. Akamwangalia yule mzee aliyeketi nje na shingo yake yenye kovu. Hakuna mtu Isiolo, awe wa lori au wa duka, asiyejua ng'ombe anavyokunywa maji.

"Hiyo ndio ungeniambia siku ya kwanza," akasema.

"Uliniambia nisikueleze muziki."

"Ng'ombe si muziki," akajibu, na akachukua koleo.

Alizitoa zile mbili. Skrubu sita za mbele ya daraja akazirudisha nyuma kidogo kila moja. Kisha akaanza kulegeza zile mbili za nyuma zinazovuta springi, robo mzunguko kila mara, na kila alipolegeza nyuzi zilishuka na Nakuam akazikaza upya, wakapishana hivyo karibu saa nzima. Alipima kwa kuchomeka bledi ya msumeno chini ya daraja: ikipita kwa shida, bado, ikipita huru lakini bila kucheza, basi. Nje, dereva wa gari la Kipsing, kijana mrefu aitwaye Kulmiye, alikuja kuwaambia abiria waanze kupakia mizigo. Mzee Emanikor akauvuta mfuko wake karibu.

"Jaribu," Shuriye akasema.

Nakuam aligusa uzi mmoja, kujaribu tu. Noti ikatoka, ikakaa. Trela la ngano likapita barabarani na kelele zake zote, likaenda, na noti ilikuwa bado ipo. Akausukuma mkono taratibu. Sauti ikainama, ikashuka mpaka chini kabisa, ikakaa huko. Akauachia, na ikainua kichwa.

Mzee Emanikor akageuka kwenye kigoda chake.

Nakuam alimwona akigeuka, na hofu ikamshika. Wimbo haukuwa wake. Hakuuomba. Kama mzee angeona ameibiwa kitu cha mwisho alichobaki nacho, angepanda gari lile na jeraha hilo moyoni, na huyo ndiye baba aliyepewa tena na madaktari. Angeweza kusema anajaribu gitaa tu, wakaagana salama. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza ubeti.

Alipiga ubeti wa malishoni, wa asubuhi, halafu akafika kwenye maji, na Lokwang' akainama akanywa. Akapiga wa pili. Mzee alikuwa amesimama sasa. Mkono wake wa kulia ulipanda juu, wima. Wa kushoto ukapanda pia na kukunjwa mbele ya paji la uso, kwa sababu pembe ya kushoto ya Lokwang' iliota ikiinamia jicho. Akakanyaga chini, mara moja, halafu tena, vumbi likaruka kwenye ndala zake. Watu wa gari waliacha kupakia. Shuriye, ambaye hataki mambo ya muziki, aliweka koleo chini taratibu lisitoe mlio.

Wimbo ulipoisha mzee alikuja mpaka mezani. Nakuam, uso wote machozi, aliinamisha sikio.

"Ni yeye," mzee akanong'ona. "Lakini umemharakisha. Alikuwa mzito yule. Hakuwa mbuzi."

Nakuam alicheka huku analia. "Niliuchukua bila kukuomba, Apa. Nisamehe."

"Nilikuwa naupeleka Kipsing tuzikwe pamoja." Aliweka kiganja juu ya ule ubao mwekundu kama mtu anayempapasa mnyama. "Nani kakipa hiki chombo pumzi?"

Nakuam akamwonyesha Shuriye. Wazee wawili hawakuwa na lugha moja ya kutosha, na mmoja hakuwa na sauti, kwa hiyo Mzee Emanikor alimshika Mzee Shuriye mkono akaushikilia kwa muda mrefu.

"Asante, Mzee," Nakuam akasema. "Mungu akuweke."

"Shukuru Mungu, halafu shukuru hiyo jani," Shuriye akajibu, akifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Mimi nilikuwa nakunywa chai tu."

Kulmiye akapiga honi. Nakuam aliuchukua mfuko wa baba yake, moyo umetulia. Angeenda sasa, na angeishi. Hilo peke yake lilimtosha, na alimshukuru Mungu hapohapo kwa sauti. Lakini mzee hakusogea. Alimvuta tena karibu.

"Hilo gari linarudi lini?"

"Jumatano."

"Mwambie aende. Jumatano atanikuta, au ile Jumatano nyingine."

"Kwa nini, Apa? Si ulitaka nyumbani?"

"Wewe unaujua wimbo kutoka katikati," mzee akanong'ona. "Nilipouanza hukuwa umezaliwa. Hapo mwanzo kuna mama yake Lokwang', na usiku wa fisi, na kisima tulichochimba. Huwezi kuwaambia watu habari za mtu ambaye hujui alivyozaliwa."

Akaenda kukitwaa kigoda chake, akakiweka mbele ya Nakuam, akaketi. Kisha akainua kiganja mpaka usawa wa kifua, kumwonyesha sauti ianzie wapi, akangoja binti yake aitafute.